Mtuzeni Angali Anaweza Kuwajibu

Leo tuzungumzie kazi ambayo ukiitazama kwa mbali ni nyepesi, ila ukiisogelea unakuta imejaa mitego. Nayo ni kazi ya kumtuza mchekeshaji.

Ukimtuza mwalimu, daktari au mwanajeshi, utaratibu unajulikana. Meza kuu inatandikwa kitambaa, wasifu unasomwa, cheti kinatolewa, mpiga picha anaomba watu wasogeleane. Mchekeshaji je? Huyu amejipatia riziki maisha yake yote kwa kuicheka hiyo hiyo meza kuu. Ukimkalisha hapo na suti yake, ukamsomea wasifu wa kurasa nne, umemheshimu au umemziba mdomo?

Wamarekani wamehangaika na swali hili tangu mwaka 1998. Mjini Washington, kando ya mto Potomac, kuna jumba la sanaa la taifa linaloitwa Kennedy Center. Hapo ndipo hutolewa tuzo ya ucheshi yenye jina la mwandishi Mark Twain. Anayeipata hukabidhiwa nakala ya sanamu ya shaba ya kichwa cha Twain, iliyochongwa na Karl Gerhardt mwaka 1884. Mmoja wa waasisi wa tuzo hiyo, Cappy McGarr, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 2021, na mengi ya yaliyotokea katika hafla hizo yameandikwa magazetini na kuonyeshwa kwenye televisheni. Ukiyapanga mambo hayo mwaka baada ya mwaka, unaona jinsi taifa linavyojifunza, kwa kujikwaa, namna ya kumheshimu mtu asiyeheshimu vyeo.

Tuanze na mwenye jina lake. Mark Twain, ambaye wazazi wake walimwita Samuel Clemens, alizaliwa mwaka 1835 na kufariki mwaka 1910. Mwaka 1907 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima, pamoja na lile joho jekundu la wasomi. Watu wengine joho kama hilo hulikunja wakaliweka sandukuni. Twain alilipenda mno. Mwaka 1909, binti yake Clara alipoolewa, mzee alitokea harusini amelivaa joho la Oxford. Hebu ifikirie harusi hiyo: bibi harusi ameremeta kwa gauni lake, na baba mtu naye anang'aa kwa jekundu. Alikwisha kuifanya heshima ya Oxford kuwa vazi la maonyesho.

Lakini asidhani mtu kwamba mzee huyu alikuwa wa mizaha mitupu. Mwaka 1905, wakati Mfalme Leopold wa Ubelgiji akiwatesa watu wa Kongo kwa sababu ya utomvu wa mpira, Twain alimwandikia mfalme huyo kijitabu cha kumkejeli, akamweka Leopold mwenyewe ajitetee kwa kinywa chake, na kila alipojitetea akazidi kujianika. Majarida ya Marekani hayakutaka kukigusa. Kikachapishwa na chama kilichokuwa kikipigania haki za Wakongo. Kwa hiyo wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, Bukavu na Goma wana sababu yao ya kulikumbuka jina la Twain, na sababu hiyo haina uhusiano wowote na Kennedy Center.

Basi, hafla yenyewe huendaje? Mgeni wa heshima huketi na jamaa zake mahali ambapo ukumbi mzima unamwona. Rafiki zake na waliofanya naye kazi wanapanda jukwaani mmoja mmoja. Hawamsifu moja kwa moja. Wanamtania, wanayatangaza mambo yake ya ajabu, wanamkumbusha filamu zilizoanguka, na katikati zinarushwa picha za kazi zake. Yeye ametulia tu. Kamera inamfuata aonekane anachekaje, maana ukumbini kila mtu anataka kujua kama mzaha fulani umemwingia. Mwishoni kabisa anaitwa, anapokea sanamu, na sasa ni zamu yake: ana haki ya kuwajibu wote, pamoja na waliomtuza.

Sisi wa pwani na bara tunaujua utaratibu huo, tena tangu zamani. Ni utani. Pale mtani anapokuja msibani, akajilaza penye kaburi linalochimbwa na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, au akavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, hakuna anayemfukuza. Waliofiwa wanafuta machozi huku wanacheka. Mhehe na Mngoni, Mchaga na Mpare, wana ruhusa ya kuambiana yale ambayo mtu mwingine akiyasema ataburuzwa barazani. Na sharti la utani tunalijua sote: anayetaniwa naye atajibu. Utani usio na jibu ni tusi.

Shikeni sharti hilo, maana ndilo nitakalolitumia kuzipima tuzo zote nitakazozitaja.

Wa kwanza kutuzwa, mwaka 1998, alikuwa Richard Pryor. Pryor alizaliwa mwaka 1940 mjini Peoria, jimbo la Illinois, akalelewa katika danguro la bibi yake. Alipokua aliyachukua yote aliyoyaona humo, walevi, makahaba, wahubiri, polisi, akawapandisha jukwaani kwa sauti zao wenyewe. Lugha yake ilikuwa kali, haifai kurudiwa hewani saa hizi ambapo watoto hawajalala. Kumchagua yeye awe wa kwanza, katika jumba la taifa, lilikuwa jambo la ujasiri.

Ila alichelewa kuchaguliwa. Tangu mwaka 1986 madaktari walikwishamwambia ana ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu, na kufikia usiku ule mwili ulikuwa umemkatalia. Mtu aliyekuwa akirukaruka jukwaani hata shati linalowa alikuja kwenye kiti cha magurudumu, na sauti ikitoka kwa shida. Wachekeshaji waliomfuata nyuma walimwaga kila walichonacho. Yeye akawa na maneno machache tu. Ujumbe wake ulisema anajivunia kwamba, kama Mark Twain, aliweza kutumia ucheshi kupunguza chuki za watu. Maneno mazuri, lakini kila aliyemjua Pryor alijua kwamba, angekuwa na nguvu zake, asingeishia hapo. Angewajibu mmoja mmoja. Alifariki Desemba 2005.

Na kuna jambo la Pryor linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 1979 alisafiri kuja Kenya. Kabla ya hapo lile neno la kuwadhalilisha watu weusi lilikuwa mdomoni mwake kila dakika. Albamu yake ya mwaka 1974 ililibeba hata kwenye jina, na ikashinda tuzo ya Grammy. Akiwa amekaa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli jijini Nairobi, akatazama huku na huku. Akaona watu weusi wanaofanya kazi za kila namna, wenye nchi yao, wasiomwogopa mtu. Akajiuliza: yuko wapi hapa mtu anayestahili kuitwa neno lile? Hakumwona. Aliporudi kwao aliliacha, na filamu yake ya mwaka 1982 ikamwonyesha akiwasimulia watu wake sababu. Wakenya waliokuwa wakipita hapo hotelini siku ile, mhudumu na trei yake, karani na funguo zake, mfanyabiashara na mkoba wake, hawakujua kwamba wanambadilisha mchekeshaji mkubwa kuliko wote wa zama zake.

Tusonge mbele. Usiku ule wa Pryor uliacha kinyongo mahali. Mchekeshaji Bill Cosby, aliyekuwa akiheshimiwa kama baba wa familia ya taifa zima, aliikataa tuzo hiyo mara mbili. Sababu aliyoitoa ni kwamba hakupendezwa na matusi yaliyotumiwa na waliomsifu Pryor. Mwaka 2009 akakubali, na waliopanda jukwaani wakachunga ndimi zao. Ilikuwa hafla safi, yenye adabu.

Miaka ikapita. Wanawake wengi wakajitokeza kumtuhumu kwamba aliwadhulumu kingono. Oktoba 2015 tuzo ikaenda kwa Eddie Murphy, mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa amesimama jukwaani kufanya vichekesho vyake, na ambaye zamani Cosby aliwahi kumpigia simu kumkaripia kwa lugha yake chafu. Murphy akapokea sanamu, kisha akauliza kama Cosby ametakiwa airudishe ya kwake, akamwiga na kwa sauti yake ile ile ya pole pole. Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Mei 2018, baada ya mahakama kumtia Cosby hatiani, bodi ya Kennedy Center ikamvua tuzo kweli. Hukumu yenyewe ilifutwa na mahakama ya juu ya Pennsylvania mwaka 2021 kwa sababu za kisheria, lakini tuzo ilikwisha kwenda. Tazameni mpangilio huo: mchekeshaji alilisema jambo jukwaani miaka miwili na nusu kabla ya bodi kulifanya.

Mwaka 2010 alituzwa Tina Fey. Katika hotuba yake aliwapiga vijembe wanasiasa wanawake wa mrengo wa kulia, Sarah Palin akiwa ndiye aliyelengwa. Waliokuwa ukumbini walisikia kila neno. Waliosubiri kuitazama nyumbani kwenye televisheni ya umma ya PBS walikuta kijembe kimoja kikali hakimo. Watengenezaji wakasema ilikuwa ni suala la muda tu, hafla ilikuwa ndefu. Huenda. Sisi tunaokaa studio tunajua mkasi ulivyo: muda ni kisingizio kizuri kwa sababu mara nyingi ni kweli. Lakini msikilizaji ana haki ya kuuliza kwa nini mkasi, kati ya dakika zote hizo, ulitua pale.

Na habari ya mchekeshaji George Carlin inatugusa watu wa redio kuliko watu wengine. Mwaka 1972 Carlin alikamatwa na polisi mjini Milwaukee baada ya kuyataja jukwaani maneno saba ambayo, alisema, huwezi kamwe kuyatamka kwenye televisheni. Mwaka uliofuata kituo kimoja cha redio cha New York kikarusha mchezo wake wa maneno ya namna hiyo mchana kweupe, baba mmoja akalalamika, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 ikaamuliwa kwamba serikali ina haki ya kuwabana watangazaji katika mambo kama hayo. Yaani uchafu wa mdomo wa Carlin umo kwenye vitabu vya sheria.

Miaka 36 baada ya kukamatwa, Juni 2008, ikatangazwa kwamba mwenye tuzo mwaka huo ni yeye. Carlin akamshukuru Bwana Twain, akaongeza kwamba watu wa Twain wawasiliane na watu wake. Twain alikuwa amekwisha kuzikwa miaka 98. Siku chache tu baadaye, tarehe 22 Juni, moyo wa Carlin ukasimama. Hafla ikafanyika Novemba bila mwenyewe. Marafiki walikuja, walitania, walicheka, picha zake zilirushwa. Ila ile zamu ya mwisho, zamu ya kujibu, haikuwa na mtu. Ule mzaha mmoja wa Juni ndio jibu pekee walilolipata.

Sasa tuchangamke kidogo. Wapo waliojua kuizuia heshima isiwapande kichwani. Will Ferrell, mwaka 2011, alipanda jukwaani, akaipakata sanamu, akaiangusha ikapasuka vipande mbele ya watu wote. Ulikuwa mchezo uliopangwa, lakini kwa sekunde mbili tatu ukumbi mzima ulishika pumzi. Bill Murray, aliyetuzwa mwaka 2016, alijulikana kwa kutokuwa na wakala. Anayemtaka aliacha ujumbe kwenye namba ya simu, kisha akangoja. Waandaaji walimtafuta wakachoka. Alipoipokea sanamu akawapa watazamaji waishike, ikapitishwa mkono kwa mkono ukumbini. Naye Dave Chappelle, mwaka 2019, alivuta sigara jukwaani ndani ya jumba ambalo sigara ni marufuku. Watatu hao, kila mmoja kwa njia yake, walifanya alichokifanya Twain na joho lake.

Na mwaka 2025 sharti letu lilipimwa kwelikweli. Februari ya mwaka huo Rais Donald Trump aliiondoa sehemu ya bodi ya Kennedy Center na yeye mwenyewe akawa mwenyekiti. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Machi, ikawa zamu ya mchekeshaji Conan O'Brien kutuzwa humo humo. Angeweza kuisusia hafla. Akaenda. Wenzake walipanda wakamtania yeye na wakamtania mwenyekiti mpya, ndani ya jumba la mwenyekiti mpya. Conan alipopewa neno, akaeleza Twain alikuwa mtu wa namna gani: aliwachukia wanaoonea wanyonge, aliwatetea wa chini, na kejeli zake alizielekeza juu. Hakuhitaji kumtaja mtu. Hafla hiyo ikarushwa na kutazamwa dunia nzima.

Nimewapeleka mbali, wasikilizaji. Turudi nyumbani.

Tarehe 12 Julai 2015 Kenya ilimpoteza Benson Wanjau, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Alikuwa Mzee Ojwang'. Kwa miaka na miaka, katika michezo ya televisheni ya Vitimbi na Vioja Mahakamani, Mkikuyu huyu aliigiza Mjaluo, kofia kichwani, Kiingereza na Kiswahili vikigongana mdomoni, mke wake wa mchezoni, Mama Kayai, akimshughulikia. Katika nchi ambayo siasa za makabila hayo mawili zimemwaga damu, mzee huyu alifanya watu wa pande zote wacheke pamoja sebuleni. Uzeeni macho yalimsumbua, michango ikapitishwa ili atibiwe. Alipofariki, viongozi walituma risala nzuri sana.

Tarehe 8 Agosti 2018 ikawa zamu ya Tanzania. Amri Athumani, King Majuto, mtoto wa Tanga, aliyeanza kuigiza tangu udogo wake miaka ya 1950, alifariki katika hospitali ya Muhimbili baada ya kuugua kwa muda, ikiwa ni pamoja na kupelekwa India kwa matibabu. Sura yake ilikuwa kila mahali: kwenye filamu za kibandani, kwenye matangazo ya biashara, kwenye basi la mikoani ambapo kondakta akiweka Majuto abiria wanasahau kulalamikia mwendo. Alipokuwa mgonjwa ndipo watu walipouliza: jamani, mtu aliyeuza bidhaa zote hizo, mbona anachangiwa? Waziri wa sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ilikuwa miongoni mwa ile iliyoangaliwa.

Hayo ndiyo yaliyo nyuma ya pazia letu. Kule Washington mtu anauliza nani alikatwa kwenye televisheni. Huku tunauliza nani alisainishwa karatasi asiyoielewa, akalipwa mara moja tangazo likarushwa mwaka mzima. Mchekeshaji wa Kiswahili hupokea heshima tele: kila akipita anaitwa, anaombwa picha, anaambiwa "mzee, tuchekeshe kidogo." Anachekesha bure sokoni, bure stendi, bure hata kwenye foleni ya hospitali. Siku ya mazishi ndiyo anayopewa gari la heshima na hotuba. Na kwenye hotuba hizo, sikilizeni vizuri, hakuna hata mtani mmoja anayeruhusiwa kusogelea kipaza sauti. Tunamsifu mcheshi kana kwamba tunamzika jaji.

Inashangaza, maana sisi ndio wenye utani. Wamarekani ilibidi waunde tuzo, wajenge jukwaa na kukodi kamera ili wapate kile ambacho Mzaramo na Mnyamwezi wanakipata kwenye msiba wowote. Sasa mbona tunapokaa kupanga hafla ya kumheshimu mchekeshaji tunakwenda kuazima utaratibu wa kikao cha baraza la madiwani?

Nina ombi kwa wanaoandaa tuzo zetu, na zinazidi kuwa nyingi, jambo ambalo ni jema. Wekeni wasifu mfupi. Waiteni watani wake, wa kabila na wa kazini, wamchambue mbele ya watu. Msiwatume wakubwa wafungue. Wakubwa waketi mbele, wataniwe. Kabla ya kukodi ukumbi, mwulizeni mchekeshaji kama ana mkataba aliousoma, na kama malipo ya marudio yanamfikia. Kama hayamfikii, fedha za mapambo zitumike kwanza kumtafutia wakili. Na kipaza sauti kiwe chake mwisho, bila mtu wa itifaki kumvuta koti, hata kama atakayoyasema yatamtia mgeni rasmi jasho.

Nasi wa redio tuna deni letu. Kwenye maktaba za vituo vyetu kuna kanda za wachekeshaji ambao wengine bado wako hai, wanaishi mitaa ya jirani na sisi, na hatujawahi kuwaalika wakae studio waseme nani aliwaandikia, nani alikata nini, nani hakulipa. Waalikwe mwaka huu. Wasikilizaji wanaomjua mmoja wao mtaani, mpelekeeni salamu zetu, mwambieni mlango uko wazi na nauli ipo. Akija akatutukana kidogo kwa kumchelewesha, tutakuwa tumestahili.